Hewa ya Shimoni

Matogoro, Songea
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Edita,

Nakuandikia mchana kwa sababu kichwa changu hufanya kazi vizuri kabla jua halijashuka. Jioni maneno hunitoka, nikiyaita hayarudi. Nimekaa barazani. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari, na wewe umeshuka Majengo kutafuta sanduku lenye kufuli inayofunga kweli. Nimeona nitumie nafasi hii kabla hujarudi.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikisema leo, kesho sitajua kama nilisema. Nitarudia, na wewe utaitikia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, kwa sauti ile ya upole uliyojifunza kwa mama yako. Sitaki uniitikie hivyo katika jambo hili.

Juzi nilikusikia. Ulikuwa unaosha vyombo, ukamwambia mama yako kwamba Mbeya ni mbali, kwamba chuo cha ualimu kinaweza kusubiri mwaka mmoja, kwamba nani atamfuata baba siku akipotea njia. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nililala na maneno yako, na asubuhi niliyakuta bado yapo. Si kawaida yangu. Ndipo nikajua kwamba lazima nikujibu.

Jibu langu ni kwamba uende. Lakini neno moja halitoshi, maana hujui unamwachia nini mama yako, wala hujui alichokibeba miaka yote hii. Mambo ya nauli na shangazi yako atakayekupokea stendi atakueleza yeye. Mimi nataka kukueleza kichwa changu.

Watu wamekuambia mengi. Wengine walisema baba yako ni pombe ya komoni imemla ubongo. Wengine walisema nilitoa kafara, kwamba nilimuuza mjomba wako Egno ili nipate mawe, na mashetani wakachukua na akili zangu kama nyongeza. Ulisikia hayo shuleni ukiwa mdogo, ukarudi nyumbani unalia. Nataka sasa uyasikie kwangu, ijapokuwa sehemu nyingine hata mimi nimesimuliwa.

Tulikuwa tunakaa Mpitimbi, kwenye shamba alilotuachia babu yako. Tulilima mahindi. Zamani malori ya serikali yalikuja kuyabeba, na mbolea ilipatikana kwa bei ambayo mkulima aliiweza. Kisha tukaambiwa soko ni huria, kila mtu auze anakotaka. Tulitaka kuuza. Mwaka ule hakuja mtu, na walipokuja baadaye wale wanunuzi binafsi, waliyatazama mahindi yetu kama watu wanaotufanyia msaada. Mbolea ikapanda hadi hatukuigusa. Mahindi ya mwaka uliofuata yalikuwa ya njano tangu yakiwa magotini.

Ndipo habari za mawe zikafika. Kule upande wa Tunduru watu walikuwa wanachimba vito, na wageni wa mbali walikuja kuvinunua papo hapo. Egno, mdogo wake mama yako, ndiye aliyeleta habari hizo nyumbani. Sijui kama unamkumbuka sawasawa. Alikuwa mrefu, mcheshi, na kanisani aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini. Ukiwa mtoto alikubeba mabegani ukashika masikio yake kama usukani. Mama yako hakupenda tuondoke. Mimi nilisema tutakwenda msimu mmoja tu, turudi na fedha ya mbolea.

Mashimo yale yalikuwa membamba na marefu kwenda chini. Mmoja anashuka kwa kamba, anachimba na kujaza ndoo. Mwingine anabaki juu, anavuta ndoo na kumlinda mwenzake. Mimi nilikuwa mfupi na nina mabega membamba, kwa hiyo nilishuka. Egno alishika kamba.

Tulichoambiwa na wenyeji wa kazi ni kwamba chini hewa huchoka. Ikikaa bila kupita upepo inakuwa nzito, haifai kuvutwa. Kwa hiyo kwanza unashusha kibatari. Kikiendelea kuwaka, shuka. Kikififia au kikizima, ngoja. Tulikata matawi yenye majani mengi, tukayafunga kamba, tukayapandisha na kuyashusha shimoni ili hewa ya juu ichanganyike na ya chini. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima, na wakati huo wenzetu wa mashimo ya jirani walikuwa wameshaanza kuchekecha mchanga.

Egno alikuwa na njia yake pia. Aliimba nyimbo za kwaya pale juu, akaacha mstari mmoja, na mimi chini niliitikia. Nikikosea au nikinyamaza, alinivuta.

Mwanangu, hewa ile haiumi. Hilo ndilo watu hawaliamini. Moshi unakukaba, unakohoa na kukimbia. Hewa iliyochoka haikukabi. Kwanza miguu inakuwa mizito, kisha moyo unakwenda mbio, halafu unajisikia vizuri. Nakwambia kweli, nilikuwa nacheka peke yangu kule chini. Niliona kila kitu ni rahisi, na kwamba nikipiga sururu mara moja zaidi jiwe litatokea. Egno aliimba juu, nami nikaitikia maneno ya wimbo mwingine kabisa na sikujua. Nilishtukia nimelala juu ya udongo, jua linanichoma machoni, Egno ananipiga makofi mashavuni. Nikapewa maziwa, maana waliamini maziwa yanaosha sumu. Kichwa kiliuma mpaka jioni. Asubuhi nikaamka mzima, au nilidhani hivyo, nikashuka tena.

Ilitokea mara nyingi. Safari nyingine sikuzimia, nilipanda tu nikiwa natapika na ulimi mzito. Hizo hatukuzihesabu kuwa ni kitu.

Tukawa tunachelewa kwa sababu ya kibatari. Kila siku kinazima, kila siku tunatikisa matawi. Basi mimi, baba yako, ndiye niliyetoa wazo la tochi. Sikushawishiwa na mtu. Nilinunua tochi ya betri kwa mchuuzi, nikashuka nayo. Tochi haiulizi kama kuna hewa. Inawaka tu. Nilijiona mjanja kuliko wote pale machimboni. Baadhi wakaniiga.

Mama yako ametoka jikoni, amesoma mpaka hapa. Anasema sikununua tochi kwa mchuuzi, nilitoka nayo nyumbani, ilikuwa ya babu yako. Inawezekana. Mimi namwona mchuuzi kabisa, na kofia yake. Nimeacha kama nilivyoandika ili uone mwenyewe jinsi kichwa hiki kinavyofanya: mahali penye tundu kinashona kiraka, na kiraka kinang'aa kuliko nguo.

Kuanzia hapo kumbukumbu zangu ni vipande. Niliporudi nyumbani kupumzika, mama yako aliona mambo. Nilivaa shati nikafunga vifungo kombo, naye akanifungua na kunifunga upya kama mtoto. Nilikwenda kisimani na ndoo, nikarudi na ndoo tupu, nikasema kisima kimehamishwa. Hasira ilinijia bila sababu. Wewe ulikuwa mdogo, uliangusha sufuria ya uji, nikakupiga mpaka mama yako akaingia kati. Mkono ule nauona mpaka leo, ila sioni ulikuwa wa nani. Mama yako aliniomba nisirudi kule. Nilimwambia ni uchovu. Egno naye alimwambia, "Dada, shemeji amechoka tu. Safari hii nitashuka mimi, yeye atakaa juu apate hewa."

Ndivyo tulivyokwenda. Egno chini, mimi juu.

Siku yenyewe siikumbuki. Nimeitafuta sana. Ninachojua ni kwamba nilirudi Mpitimbi nikiwa nimekaa juu ya gari la mizigo, pembeni yangu kuna kitu kimefungwa kwa turubai, na nilimuuliza dereva Egno amepanda gari gani.

Baada ya mazishi nilimuuliza mama yako mdogo wake yuko wapi. Akaniambia amekufa shimoni, kwa hewa. Nililia. Kesho yake nikamuuliza tena, akaniambia, nikalia tena kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba saa ile ile. Hebu fikiri, Edita. Yeye ndiye aliyefiwa na mdogo wake, na kila siku alikuwa anatangaza msiba upya kwa mtu asiyeweza kuushika. Baadaye akaacha. Nikiuliza, alisema, "Ameenda shamba." Wewe pia ulifundishwa kusema hivyo. Nakumbuka sauti yako ndogo: ameenda shamba, baba. Nilikuwa naridhika.

Na kila nilipojua kwamba amekufa, niliuliza swali moja: nani alishika kamba? Mama yako alijibu kwamba hajui.

Watu wa ukoo wa mama yako walimtaka aniache. Walikuja wazee kutoka kwao wakakaa sebuleni, wakasema hawezi kuendelea kulala nyumba moja na mtu aliyetoa kafara. Tulikuwa tumeshakwenda kwa mganga, na mganga naye alikuwa amesema hivyo hivyo, akachukua mbuzi. Mama yako aliwasikiliza wazee mpaka mwisho, akawapikia, wakala. Kisha akasema, "Nitampeleka hospitali kwanza." Tukauza sehemu ya shamba, tukahamia huku Matogoro ili awe karibu na mji, afanye vibarua vyake vya kushona.

Hospitali ya misheni tulimkuta daktari mwanamke, bado kijana. Hakunipima damu kwanza. Alinipa karatasi akaniambia nichore saa. Nilichora duara zuri. Kisha namba zote nikazirundika upande mmoja, na mishale sikujua inaanzia wapi. Nilijua kwamba nimekosea. Sikujua kosa liko wapi. Mama yako aligeukia dirishani.

Daktari alinieleza polepole, na alimwambia mama yako asikilize pia ili anikumbushe. Alisema ubongo unakula hewa kuliko kiungo kingine chochote, tena hauna ghala. Tumbo likikosa chakula linauma, misuli ikichoka inalalamika. Ubongo ukikosa hewa haulii. Unanyamaza, na wewe unadhani umestarehe. Sehemu inayoshika mambo mapya ndiyo inayoumia mapema. Kila nilipopandishwa nikiwa nimezimia, nilikuwa nimeacha kitu kule chini, na hata siku zile za kutapika tu na kuumwa kichwa zilikuwa zinamega. Mwili ulisimama haraka, ndiyo maana tulidanganyika.

Mama yako akamuuliza kama vitarudi. Daktari hakumficha. Alisema kilichokufa hakirudi, kilichobaki kinaweza kujifunza kubeba mizigo ya wengine, taratibu, na kitabeba kidogo.

Niliporudi nyumbani nilifurahi, ukiweza kuita furaha. Angalau nilikuwa mgonjwa, si mchawi. Wazee wa kwa mama yako waliambiwa. Wachache walikubali. Wengine mpaka leo wakinikuta barabarani wanavuka upande wa pili.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hujui.

Mwaka jana, wewe ukiwa kidato cha nne bwenini, alipita hapa mtu mmoja aliyechimba nasi, shimo la jirani. Alikuwa anatafuta kiwanja huku Matogoro, akaniona barazani, akaingia kunisalimu. Mama yako alikuwa sokoni. Tulizungumza vizuri. Nilimwuliza kama alikuwapo siku aliyokufa Egno. Akasema alikuwapo. Nikamwuliza swali langu lile la kamba.

Alinitazama. Alidhani namtania, au namjaribu. Kisha akasema, "Si wewe?"

Akanieleza. Walinikuta nimekaa pembeni ya moto, nachoma hindi. Kamba ilikuwa imelegea karibu na miguu yangu. Waliona hakuna anayevuta ndoo wala anayeimba, wakaniuliza chini kuna nani. Nikawajibu hakuna mtu. Nilijibu kwa utulivu, na mmoja wao akataka kuondoka. Huyu mgeni ndiye aliyechungulia. Aliona mwanga wa tochi chini kabisa, umetulia, unamulika ukuta.

Nilisahau, Edita. Sikulala, sikulewa, sikugombana naye. Nilimshusha mdogo wa mke wangu shimoni, na kichwa changu kikamwacha huko. Kama alianza kuimba, mimi sikujua wimbo huo unanihusu.

Mama yako aliporudi sokoni nilikuwa bado nimekaa pale pale. Nilimwambia nilichosikia. Akatua kikapu, akakaa.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilijua tangu siku ya mazishi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alichambua mchicha kidogo kabla ya kujibu. "Baba Edita, ungesahau. Halafu kesho yake ungeniuliza, nami ningelazimika kukuambia tena."

Jambo la ajabu ni kwamba hilo halijanitoka. Nimesahau jina la mgeni yule, nimesahau Pasaka iliyopita, mara nyingine nasimama kwenye njia ya kuja nyumbani kwangu sijui nipinde wapi. Lakini hilo ninaamka nalo kila asubuhi. Simwulizi tena mama yako Egno yuko wapi. Labda umeona kwamba nimeacha kuuliza, ukadhani napata nafuu.

Nakueleza haya si ili unihukumu wala unisamehe. Msamaha kama upo ni wa mama yako, na sijamwomba, kwa sababu naogopa nitaomba leo, atanipa, halafu nitasahau kwamba alinipa. Nakueleza ili ujue mwanamke unayetaka kubaki kumsaidia ni mtu wa namna gani. Alijua ni mimi. Akanifunga vifungo vya shati asubuhi baada ya mazishi na kila asubuhi iliyofuata. Asubuhi alikuwa ananifunga, jioni anawaambia ndugu zake kwamba mume wake ni mgonjwa. Alichokitaka katika maisha yake ni kwamba wewe usome. Ukibaki kwa ajili yangu, utakuwa umemnyang'anya kitu chake cha mwisho, na mimi ndiye nitakuwa sababu kwa mara ya pili.

Nami nina ombi moja la kazi yako. Daktari yule alituambia si mashimo peke yake. Alisema mtoto anayeanguka degedege mara kwa mara, akichelewa kutibiwa, naye ubongo wake unaweza kuumia, hasa akikaa muda mrefu bila kupumua vizuri. Watu watakuambia ameshaamka, yuko sawa, mwacheni acheze. Utakuwa mwalimu, utamwona darasani. Atakuwa yule anayesahau kazi ya jana na kucheka pasipo kichekesho. Usimchape, mama. Waite wazazi wake, uwasumbue mpaka wampeleke hospitali. Wakikuchukia, wakuchukie.

Kuhusu wewe mwenyewe sina mengi. Nilipenda kufika haraka, nikatupa kilichokuwa kinanichelewesha, kumbe ndicho kilichokuwa kinaniambia ukweli. Utakutana na vya namna hiyo kwako, sijui vitakuwa na sura gani. Labda itakuwa rafiki anayekuuliza maswali usiyoyapenda. Mimi sikuwa na akili ya kuwasikiliza wa kwangu, hata nilipokuwa na akili.

Jua linaanza kushuka sasa, na naona mistari yangu imeanza kwenda juu. Nitamaliza.

Ukirudi likizo nitakuwa nimepungua. Nimemuuliza mama yako, naye amekubali nikuandikie hivyo bila kuficha. Basi ukifika, usisimame mlangoni kungoja nikutambue, na usiniulize kama nakukumbuka. Hilo swali linanitia hofu, nami nikishikwa na hofu ninakuwa mkali. Ingia tu. Sema, "Shikamoo baba, mimi Edita, natoka Mbeya." Nitaitikia marahaba, maana hiyo haimtoki mtu yeyote kichwani. Nikichelewa kidogo, vuta kigoda ukae. Nikiuliza Edita gani, nitajie jina la mama yako, kisha mwombe mama yako akupakulie chakula, ule hapo hapo karibu nami. Hata kama sitajua ni nani anayekula, nitakuwa nimefurahi kwamba kuna mtoto nyumbani na anakula.

Nakusikia unagombana na lango. Sanduku ni kubwa. Nakuja kukupokea.

Baba yako